Ukiiona Barabara, Utaisikia: Kutafuta Kambi Tulivu Nchi ya Chai

Wapenda pikipiki wa Kenya wana viwanja vyao. Pwani kuna matuta ya mchanga ya Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Marsabit kuna jangwa la Chalbi. Naivasha kuna vumbi la Kedong, na Safari Rally imelipa umaarufu mpya tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Kericho na Bomet hazina mchanga. Zina murram nyekundu inayopinda katikati ya chai, vilima vinavyofuatana bila kuchoka, na matope ambayo mvua ya nusu saa huyafanya yateleze kama sabuni. Hiyo inatosha kuwavuta. Wikendi za kiangazi makundi ya waendeshaji hupita huko, wengine wakizunguka barabara za chai za Litein na Kapkatet, wengine wakishuka kutoka Olenguruone hadi Silibwet, wengine wakielekea Mara kupitia Bomet mjini.

Mchana kila mtu anafurahi. Shida huja jioni, wakati wa kutafuta pa kulala. Anayetaka kulala usingizi wa kweli hutafuta umbali: anaiacha barabara, anavuka bonde, anapanda kilima cha pili, anatandika hema mahali penye mandhari nzuri. Usiku mzima anasikia kila bodaboda inayobadilisha gia upande wa pili. Nataka kuchambua jinsi kundi moja la waendeshaji ninalolifahamu lilivyoepuka jambo hilo upande wa Bomet, kwa sababu walichagua kwa hesabu, na hesabu yao inaweza kufuatwa na yeyote.

Tuanze na umbali wenyewe. Sauti inayotoka sehemu moja, kama ekzosi ya pikipiki, hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukitoka mita 500 hadi kilomita moja umepata 6. Ukitaka 6 nyingine, lazima ufike kilomita mbili. Katika nchi iliyojaa watu kama Bomet, ukienda kilomita mbili kutoka barabara moja mara nyingi umeshafika kwenye nyingine. Kilima kikikaa katikati yako na pikipiki, kinaweza kukuondolea desibeli 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja, bila kutembea hatua ya ziada. Safu mbili tatu za mikaratusi hazifanyi kazi hiyo, hata zikionekana nene kiasi gani. Miti huficha barabara isionekane, na akili hudhani imenyamaza.

Sasa angalia jinsi nchi ya chai ilivyojengwa. Barabara nyingi hupita juu, kwenye migongo ya vilima. Nyumba na mashamba hushuka kutoka hapo kuelekea kijito, na chini kabisa kuna mikaratusi, majani ya ng'ombe na maji. Maana yake ni kwamba mteremko unaotazamana na barabara, ng'ambo ya bonde, ndio mbaya kuliko yote. Hakuna kitu kati yake na ekzosi ila hewa. Mteremko ulio upande wa nyuma wa mgongo huohuo wa barabara, hatua mia chache tu chini ya bega la kilima, uko karibu zaidi na bado ni mtulivu zaidi. Kanuni waliyoitumia ni fupi: ukiiona barabara, utaisikia.

Hawakuiamini kwa maneno tu. Mmoja wao alibaki juu akaenda na kurudi kwenye murram kwa mwendo wa kawaida, wengine wakasimama mahali pawili walipokuwa wamepafikiria. Ng'ambo ya bonde, kama kilomita moja kwa mstari wa moja kwa moja, walisikia hata gia ikibadilishwa. Chini ya bega, upande wa nyuma, mbali kwa theluthi moja tu ya hiyo, walisikia mngurumo mzito usio na makali, na pikipiki ilipopita kona ukapotea kabisa. Jaribio la namna hiyo halihitaji kifaa chochote. Linahitaji mtu mmoja aliye tayari kubaki juu wakati wenzake wanashuka.

Kuna sababu nyingine ya kutokaa kwenye kigongo chenyewe, na hii wameijua vizuri zaidi watu wa mchanga. Kwenye matuta, mwendeshaji hupanda upande mmoja asijue kilichopo upande wa pili. Ndiyo maana Oceano Dunes kule California kila chombo lazima kiwe na bendera ndefu inayofika karibu mita mbili na nusu kutoka ardhini, ionekane kabla ya chombo chenyewe. Anayelala nyuma ya kilele cha tuta amelala mahali ambapo gari linaweza kutua. Kwenye chai hatari hiyo iko kwenye kona na njia panda za vijia, ambako vichaka hufika kiunoni na mwendeshaji haoni hema mpaka amelifikia.

Kanuni ya mgongo wa kilima ina kasoro moja, nayo ni usiku. Mchana ardhi ina joto, hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Jua likizama anga likiwa wazi, ardhi hupoa haraka, hewa baridi huwa nzito na kutiririka kwenda bondeni, na ile yenye joto hubaki juu yake. Hapo sauti hupinda kurudi chini. Ndiyo sababu ukiwa bondeni saa tatu usiku unasikia mbwa wa kilomita mbili, na ndiyo sababu kivuli cha sauti nyuma ya kilima hupungua usiku. Dawa yake ni kushuka kidogo zaidi chini ya bega. Lakini ukishuka mno unaingia kwenye ziwa la baridi, hema linalowa umande ndani na nje, na unaamka meno yakigongana.

Kwa hiyo kambi nzuri ni ukanda mwembamba: chini ya bega la kilima, juu ya baridi ya bonde. Bega unaliona kwa macho. Baridi huioni, na hapa ndipo kundi hili lilifanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Jua lilipokuwa linazama, kama saa kumi na mbili na nusu, walitazama moshi wa majiko. Nyumba za chini zilikuwa zikipika, na moshi wao ulipanda wima kidogo, ukafika mahali ukakataa kwenda juu, ukaanza kutambaa ukilifuata bonde. Moshi wa nyumba za katikati ya mteremko uliendelea kupanda. Ule mstari ambapo moshi wa chini ulilala ndio uso wa ziwa la baridi. Utapanda kiasi usiku ukiendelea, kwa hiyo hema linawekwa juu yake kwa nafasi ya kutosha, si sambamba nao.

Kisha walikwenda kuuliza. Mkulima wa chai ana ramani ya baridi kichwani kwa sababu imemgharimu pesa. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza chai nyingi Kericho na maeneo ya jirani, na majani yaliyoungua hayaingii kwenye kikapu. "Mzee, ile baridi ya kuunguza majani ikija, huunguza upande gani?" Mwenye shamba aliinua fimbo akaonyesha mti mmoja chini. Kuanzia pale kwenda kijitoni, alisema, lakini huku juu haijawahi kufika. Mti ule ulikuwa chini kidogo ya mstari wa moshi. Njia mbili tofauti zilikuwa zimetoa jibu moja, na wao wakalitumia.

Kiwanda ni jambo jingine kabisa, na wageni wengi hawalitarajii. Bomet na Kericho zimejaa viwanda vya chai vya wakulima wadogo: Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek, Kapset, Litein, Kapkatet, Momul na vingine. Majani huchumwa mchana, hukusanywa kwenye vituo, na malori huyafikisha jioni na usiku. Kiwandani hutandazwa yanyauke kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, feni kubwa zikipuliza hewa chini yake. Baadaye hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa kwa joto la boila linalolishwa kuni za mikaratusi. Msimu wa majani mengi hakuna anayezima feni ili mgeni alale. Na sauti ya feni ni nene, ya chini, aina ambayo hewa haiinyonyi na kilima hakiizuii vizuri, kwani huzunguka juu ya mgongo na kushuka upande wa pili. Kwa pikipiki tumia kilima. Kwa kiwanda tumia umbali. Anayechanganya hivi viwili atakosa usingizi akiwa nyuma ya kilima kizuri sana.

Kijito husaidia. Maji yanayopiga mawe hutoa sauti ya kila namna kwa pamoja, na sauti hiyo hufunika vishindo vidogo vya mbali. Lakini unataka kukisikia kijito, hutaki kulala kando yake. Nyangores na Amala, mito miwili inayounganika kuwa Mara, hupokea vijito vingi vya namna hiyo kutoka Msitu wa Mau, na maji yake hupanda ghafla kwa mvua ambayo wewe hukuiona ikinyesha.

Kuhusu mvua nitasema kwa ufupi kwa sababu ina ratiba. Mchana upepo hutoka Ziwa Victoria kuelekea mashariki, hukutana na nyanda za juu na pepo za upande wa pili, na wingu hupanda. Kuanzia kama saa nane mchana hadi jioni radi hupiga na mvua ya mawe hushuka; ukanda wa Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko nyingine. Kwa hiyo hema lisimame kabla ya saa nane au baada ya wingu kupita, na lisiwe kamwe chini ya mkaratusi mrefu, mti unaovuta radi na kuangusha matawi bila taarifa. Desemba hadi mapema Machi ndio wakati mzuri. Aprili na Mei ni za kukaa nyumbani.

Yote hayo ni bure kama hujui ardhi ni ya nani. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa miaka ya 1920 na kampuni kama Brooke Bond na James Finlay yana walinzi na vizuizi, na historia yake bado inauma: familia za Wakipsigis na Watalai ziliondolewa kwenye ardhi hiyo wakati wa ukoloni, na mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walilieleza suala hilo hadharani kwa wasiwasi. Mgeni anayetandika hema pale bila kuuliza, akiona ni nyasi tu, anakanyaga jambo zito. Ukingo wa msitu nao si wazi kama unavyoonekana. Kuna ukanda wa chai ya Nyayo, uliowekwa kuanzia 1986 kutenganisha makazi na misitu, na nyuma yake Mau ya Kusini Magharibi iko chini ya Shirika la Misitu, ambako hulali bila kibali na ambako tembo bado wanatembea. Desemba kuna sababu nyingine ya kukaa mbali na vichaka vya pembeni: ni msimu wa tohara, vijana wamefichwa menjo, kibanda chao cha kutengwa, na mgeni anayezurura karibu nao anavunja heshima ya watu waliomkaribisha.

Kinachobaki ni shamba la mkulima mdogo, na hapo ndipo kundi hili lilipoishia. Walisalimia kwanza, "chamgei", wakakaa, wakanywa chai, ndipo wakaomba. Mwenye shamba alimtuma kijana amjulishe mzee wa kijiji, ili usiku mtu akiona taa kwenye majani asipige mayowe. Walimuuliza pia kama kuna kesha la kanisa karibu Ijumaa hiyo, kwa sababu spika za kesha hazijali mgongo wala umbali. Malipo yalikubaliwa kabla hema halijafunguliwa.

Ubaya wa mahali hapo ulikuwa mmoja. Kutoka chini ya bega hadi murram ni kupanda, juu ya majani yaliyolowa na udongo mwekundu wa mfinyanzi, na pikipiki nzito ingechimba mtaro ambao mvua ya kwanza ingeugeuza mfereji. Waliziacha pikipiki juu, kwenye boma la mwenye shamba kando ya barabara, wakashusha mahema na vyakula mgongoni. Asubuhi walibeba tena, wakasubiri wachumaji waliokuwa wakipita na vikapu wamalize kupita, kisha wakawasha injini wakiwa tayari kwenye murram. Walilipa boma kando na walivyolipa majani, kwa kuwa ni kazi mbili: kulinda pikipiki usiku kucha, na kuwazuia ng'ombe wasile pale wageni walipolala.