Duara la mgawanyiko wa seli: mbona halisemi nani anaamua?

Kama ulisoma biolojia sekondari, mchoro huu unaujua. Duara limekatwa vipande: kimoja kikubwa kimeandikwa interfezi, vinne vyembamba vimeandikwa profezi, metafezi, anafezi na telofezi. Mishale inazunguka upande mmoja. Tuliukariri kwa herufi za PMAT, tukauchora kwenye mtihani, tukapewa alama, tukasahau. Leo nasimamia praktikali za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kila muhula nakutana nao tena kwenye madaftari, umepakwa rangi, safi kabisa. Nina ugomvi nao. Si kwamba unadanganya. Unatuambia nini kinafuata nini, halafu unanyamaza kuhusu jambo lenyewe: seli inaamuaje kwamba sasa igawanyike, au isubiri, au isigawanyike kabisa?

Tuangalie mchoro ulikotoka. Mwaka 1882 Mjerumani Walther Flemming alichapisha kitabu kuhusu seli na mgawanyiko wake, chenye michoro ya seli za salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, alizozitia rangi ili kiini kionekane. Alichora nyuzi zinazojikunja, zinazojipanga katikati ya seli, kisha zinazovutwa pande mbili. Neno mitosisi alilibuni yeye, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Michoro ile ni mizuri hadi leo, na ni ya haki, maana alichora alichokiona. Lakini kromosomu huonekana vizuri pale tu zinapojikunja na kunenepa tayari kwa kugawanywa. Muda mwingine wote kiini kinafanana na bakuli la uji, huna cha kuchora. Kipindi hicho kikaja kuitwa cha mapumziko, na jina hilo likadumu vitabuni kwa miaka mingi.

Hili unaliona kwenye praktikali ya ncha ya mzizi wa kitunguu. Mwanafunzi anasogeza kioo huku na huku akitafuta metafezi nzuri, akiipata anaita wenzake waje waone. Seli nyingine zote anazipita kama miti ya barabarani ukiwa kwenye basi. Nikimwambia azihesabu zote, analalamika, lakini mwishoni anashangaa: zilizo nyingi mno ni zile "zisizo na kitu". Chukua seli ya binadamu inayokuzwa maabara, ambayo kwa kawaida humaliza mzunguko mmoja kwa takriban saa 24. Mitosisi yenyewe inachukua kama saa 1. Piga hesabu: majina manne kwa saa moja, jina moja kwa saa 23.

Mwaka 1953 Alma Howard na Stephen Pelc, wakiwa London, waliipa mizizi ya mmea wa jamii ya maharage fosforasi yenye mnururisho, wakaona kwamba DNA haitengenezwi muda wote bali katika kipindi maalumu, kabla ya mitosisi. Kipindi hicho wakakiita S, na vipindi vya kabla na baada yake wakaviita G1 na G2. Herufi G inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya pengo. Vitabu vipya vimeziweka herufi hizi kwenye duara, vizuri. Ila jina "pengo" limeendeleza makosa yale yale, kana kwamba G1 ni muda wa kupiga soga. G1 ndiyo hasa wakati seli inapopima: chakula kipo? nimekua vya kutosha? majirani wananiitaje?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hadithi ya jinsi swali la "nani anaamua" lilivyojibiwa imebeba neno letu wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alitenga hamira kutoka kwenye pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe hiyo hiyo unayoifikiria. Nimesoma biolojia miaka mingi kabla ya kulikuta jina hilo, na nilicheka peke yangu maktaba.

Hamira hii ina umbo la kijiti. Inarefuka, ikifika urefu fulani inajikata katikati. Miaka ya 1970, mjini Edinburgh, Paul Nurse aliitumia kutafuta mwamuzi, na njia yake inastahili kuelezwa taratibu kwa sababu ni ya akili sana. Ukiharibu jeni yoyote ya hovyo hovyo katika seli, kuna uwezekano mkubwa mgawanyiko utachelewa au utakwama. Hilo halikuambii mengi. Hata gari likizimika, huwezi kusema kwa hakika kwamba ulichong'oa ndicho usukani. Lakini seli inayogawanyika mapema kuliko kawaida, ikiwa bado fupi, ni habari nyingine. Hiyo imekosa kusubiri. Kwa hiyo Nurse akakusanya seli fupi. Jeni ya kwanza aliyoipata kwa njia hiyo iliitwa wee1, kwa neno la Kiskoti lenye maana ya kadogo. Ikiharibika, seli haingoji ikue, maana yake kazi yake ni kuzuia. Kisha ikaja cdc2. Hii ikiharibika kwa namna moja, seli inakwama kabisa. Ikibadilika kwa namna nyingine, seli inawahi. Jeni inayoweza kukwamisha na kuwahisha iko mahali pa uamuzi.

Mwaka 1987 Melanie Lee, katika maabara ya Nurse, alichukua hamira ambayo cdc2 yake ilikuwa mbovu, akaiwekea jeni za binadamu moja moja aone ipi itaiokoa. Ikapatikana. Hamira ya pombe ikagawanyika kwa jeni ya mtu. Ukiniuliza, hilo peke yake lingestahili ukurasa mzima wa kitabu cha kidato cha tano, hata kama ni kwa kupunguza picha moja ya telofezi.

Nusu ya pili ya jibu ilitoka baharini. Kiangazi cha 1982 huko Woods Hole, Marekani, Tim Hunt alikuwa akifuatilia protini katika mayai ya urchini yaliyorutubishwa. Protini moja ilikuwa ikiongezeka, halafu kila seli zikigawanyika inatoweka ghafla, kisha inaanza kujaa tena. Aliiita saiklini. Baadaye ikaeleweka kwamba protini ya cdc2, ambayo leo inaitwa CDK1, ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine, na kwamba haiwezi kufanya kazi bila saiklini. CDK1 ipo muda wote. Saiklini ndiyo inayokuja na kuondoka, na ile wee1 ni ya kuifunga CDK1 mpaka wakati ufike. Nurse, Hunt na Leland Hartwell walipewa Nobeli mwaka 2001.

Sasa rudi kwenye duara uangalie mishale. Kwa nini inaelekea upande mmoja? Mchoro hausemi, na sisi hatukuwahi kuuliza. Ni kwa sababu seli haizimi saiklini kama taa, inaivunjavunja. Protini iliyokwisha kukatwa vipande haiungwi tena, hivyo seli haiwezi kurudi nyuma. Ule mshale ambao mwanafunzi anauchora bila kufikiri ndio kemia yenyewe.

Walimu wengi, na sisi waandishi wa sayansi pia, tunajaribu kuziba kasoro hii kwa mfano wa gari: jeni fulani ni mafuta, nyingine ni breki. Ni afadhali kuliko kimya, na kwa protini kama p53 mfano unabeba mzigo kiasi. DNA ikiumia, p53 husimamisha seli itengeneze kwanza, au iifanye ijiue. Jeni yake imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Lakini breki inahitaji dereva, na ndani ya seli hakuna dereva. Kwenye metafezi mambo yanafanana zaidi na konda wa daladala. Kila kromosomu ambayo haijashikwa na nyuzi za kuivuta inapiga kelele "bado!", na sauti moja tu inatosha kuzuia seli nzima isiende kwenye anafezi. Ya mwisho ikishikwa, kelele zinaisha, saiklini inavunjwa, gari linaondoka. (Konda wa kweli hana subira hiyo, najua.)

Kwa nini nishikilie jambo hili? Kwa sababu ya sentensi moja inayosemwa kila mahali: saratani ni seli zinazogawanyika haraka. Inatoka moja kwa moja kwenye duara, maana duara lina mwendo tu, halina uamuzi. Ukibaki na mwendo, ugonjwa wa mzunguko utakuwa ni kuzunguka kwa kasi. Lakini seli za ukuta wa utumbo wako hujibadilisha zote ndani ya siku chache, nawe ni mzima. Uvimbe mwingi wa saratani una seli zinazogawanyika polepole kuliko hizo. Tofauti ni kwamba za utumbo zinasikia zikiambiwa simama.

Sentensi hiyo ina pacha wake: dawa za saratani huua seli zinazogawanyika haraka. Inaeleza kwa nini nywele zinanyonyoka, na hapo inaishia. Chukua vinkristini, inayotokana na ua la Madagaska na inayotumika kutibu limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Dawa hii inazuia nyuzi zile za kuvuta kromosomu zisijengeke, kwa hiyo kelele za "bado!" haziishi na seli inakwama. Lakini mgonjwa anaweza pia kulalamika ganzi na kuchomwachomwa vidoleni. Seli za neva hazigawanyiki kabisa, sasa dawa imefuata nini huko? Imefuata nyuzi za aina hiyo hiyo, ambazo neva inazitumia kama reli ya kusafirishia mizigo yake mirefu kutoka uti wa mgongo hadi vidoleni. Mzazi aliyeambiwa habari ya "haraka" tu atadhani mtoto anatia chumvi, au kwamba dawa imekosewa.

Sitaki duara lifutwe. Nataka mtihani ubadilike. Mpe mwanafunzi duara lenye majina yote tayari, umwambie: saiklini ya seli hii imebadilika, haivunjiki tena. Onyesha kwa kidole itakwama wapi, na ueleze kwa nini haiwezi kuanza mzunguko mwingine. Nililijaribu swali hilo kwenye kikundi changu wiki iliyopita. Kati ya wanafunzi 14 waliojua PMAT kwa ufasaha, 3 walijibu, na mmoja wao alikuwa amechora mchoro mbaya kuliko wote.