Mwami, Leta na shamba: nani anaweza kumwambia shefu hapana?

Bandugu, kila mara Leta inaposhindwa kulipa walimu ao kutengeneza barabara, kuna wazo linarudi katikati yetu sisi tuliosoma: heri mwami arudishiwe nguvu zake zote. Wanaolitetea si watu wa kuchekwa. Depite anakuja wakati ya kura, mwami anabakia. Minisitri akiondolewa kazini, hatujui tena anaishi wapi. Mwami wa Kabare ao wa Ngweshe, makaburi ya babu zake yako pale pale. Huko Ulaya, kisha mapinduzi ya Ufaransa, Joseph de Maistre alifundisha jambo la namna hiyo: msingi wa utawala hauandikwi mezani na wajumbe, unakomaa pole pole katika desturi. Mtu wa Kongo, aliyeona katiba nyingi zikipita, anamuelewa haraka.

Mimi nataka kulikosoa wazo hilo kwa upande ambao wenyewe wanajivunia, ni kusema desturi. Naona wanasifu nusu moja tu.

Tuchukue kalinzi, desturi ya udongo katika Bushi. Mtu alimpa shefu ng'ombe mbele ya mashahidi, akapewa shamba ambalo watoto wake wataririthi. Kisha hapo alikuwa na deni la heshima na la kazi kwa shefu, lakini shefu naye alikuwa amefungwa: amekula ng'ombe, watu wameona. Mwami mwenyewe hakujiweka kwenye kiti. Bajinji, wazee wenye kulinda siri za ufalme, walikuwa na neno lao katika kumtawaza. Sisemi ilikuwa paradiso. Maskini alibakia na bwasa, kipande cha kulima kwa muda tu, na mwanamuke kwa kawaida hakurithi udongo. Lakini nguvu ilikuwa na kamba.

Wabelgiji walikata kamba hiyo. Dekre ya 1933 ilimweka mwami ndani ya utumishi wa koloni: akusanye kodi, atoe watu wa kazi. Mwami Alexandre Rugemaninzi wa Kabare aliondolewa, akapelekwa mbali na watu wake. Funzo lilieleweka kwa mashefu wote: anayekuweka na kukuondoa ni Leta, si watu wako.

Kisha ikakuja sheria ya 20 Julai 1973, iliyosema udongo wote ni wa Leta. Kwa mashamba ya vijiji, kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya Rais ya kupanga haki za wenyeji. Ordonansi hiyo haikutoka. Katika pengo hilo, mashefu wengi wa Bushi waliuza udongo kwa watu wa mji wenye makuta na wenye kujua njia ya kadastri. Familia zilizokuwa na kalinzi zikajikuta zinaomba bwasa kwenye udongo wa babu yao. Shefu alitia sahihi kwa jina la desturi, mnunuzi akapata karatasi kwa jina la Leta, na mlimaji hakuwa na pa kushitaki.

Ndiyo maana sikubali tunapoambiwa kwamba shida ni mwami kunyimwa nguvu. Katiba ya 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya desturi. Kifungu cha 197 kinaruhusu mashefu kuingizwa katika bunge la jimbo bila kura, mradi wasipite sehemu moja ya kumi ya wabunge. Sheria ya Agosti 2015 imewapa hata hadhi yao rasmi. Nguvu iko. Kitu hakiko ni ile kamba.

Tena kuna swali ambalo sisi wa Bagira hatuwezi kulikimbia. Mitaa yetu ilizaliwa wakati Wabelgiji walikuwa wanatenga watu wa mji na watu wa desturi, kwa utaratibu wa dekre ya 1931. Hapa Mushi anaishi mlango kwa mlango na Murega, Muhavu na Mufulero. Ukimwambia Murega kwamba mwami ni baba wa wote, atakuuliza: mwami yupi? Na huko Kasha, mahali mji na mashamba vinakutana, anayenunua parseli anajiuliza karatasi gani itamlinda, ya shefu ao ya komini. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 1996, Citizen and Subject, alionyesha kwamba ukoloni ulipasua Waafrika hivyo: raia huku, mtu wa shefu kule. Wazo la kurudisha ufalme haliponyi mpasuko huo. Linachagua upande mmoja tu.

Kama tunapenda desturi kweli, basi tuipende yote. Tudai ile ordonansi iliyoahidiwa tangu 1973. Tudai kila shamba linalotolewa na shefu litolewe mbele ya mashahidi, majirani wakiwepo, na jina la mlimaji liandikwe, la mwanamuke pia. Mwami atakayekubali hayo, mimi nitamheshimu kuliko depite. Asiyekubali, asituambie kwamba anatetea mababu: mababu walimtaka shefu apokee ng'ombe mbele ya watu.