Biblia ya Mchungaji na Riwaya ya Mwanawe

Kabla ya kujitoa kwa uchoraji mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, Vincent van Gogh alikwisha kuwa karani wa duka la picha, mwalimu, na mwinjilisti kati ya wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Aligawa nguo zake, akalala juu ya majani makavu. Mwaka 1879 waliomtuma wakakataa kumwongezea muda wa huduma.

Oktoba 1885, miezi saba baada ya kifo cha babaye mchungaji, alichora kwa siku moja Biblia kubwa ya marehemu ikiwa wazi. Mbele yake ipo riwaya ya Émile Zola, La joie de vivre, yenye jalada la manjano lililochakaa. Kando, mshumaa uliozimika. Ni rahisi kusema kwamba hapa dunia imeishinda madhabahu. Nami nilipata kufundisha hivyo, nikakosea.

Kwani Biblia ile imefunuliwa Isaya 53, habari za Mtumishi ateswaye. Na riwaya? Yamhusu yatima Pauline, ambaye jamaa wanaomlea wanaitafuna mali yake, naye hachoki kuwahudumia. Aliyeikana Biblia angeviweka pamoja vitabu hivi viwili kwa nini?

Mshumaa bado wanitatiza. Tena aya hazisomeki. Ni michirizi ya rangi tu, isipokuwa jina la nabii na namba ya sura. Baba na mwana waligombana sana juu ya vitabu vya Kifaransa. Mezani hapa vyote viwili vimelala, wala hakuna anayesoma.