Riposti inaondoka, kituo kinabaki

Ndugu zangu, fungueni TFC yoyote ya mambo ya afya, yenu ao ya rafiki, muende moja kwa moja ku ukurasa wa mapendekezo. Mutaikuta pale: «Kwa serikali: iimarishe mfumo wa afya ili nchi iwe tayari kwa magonjwa ya mlipuko.» Juri wanakubali, mtu anapata alama nzuri, jioni familia inakunywa Fanta. Fanta sina ubaya nayo. Nina ubaya na ile sentensi. Tunaiandikaka sawa vile watu wanaandikaka salamu chini ya barua. Haina mtu, haina fasi, haina bei. Nimesoma nyingi, juu ninasaidiaka wadogo kusahihisha kazi zao, na bado natafuta moja yenye inasema wazi: imarisha nini, wapi, na nani alipwe.

Na si kusema tumekosa mifano. Hakuna nchi yenye imepewa mitihani ya Ebola mingi kuliko yetu.

Mwaka 1976, kule Yambuku, fasi ugonjwa huu ulijulikana kwanza, kulikuwa hospitali ya misioni yenye kupokea wagonjwa wengi. Kila asubuhi walikuwa wanatoa sindano tano. Tano, za siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa walizisuuza tu na maji ya vuguvugu. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Wataalamu waliochunguza baadaye waliona kwamba kufungwa kwake kulisaidia sana ugonjwa kuisha. Someni tena polepole: ili watu waache kufa, ilifaa hospitali ifungwe.

Mwaka 1995 ikawa Kikwit. Wagonjwa 315, na kama robo yao walikuwa watu wa afya. Walipoleta mipira ya mikono, maski na maji safi, maambukizi ndani ya hospitali yakashuka haraka. Kisha Mangina na Beni: ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Pale Beni watoto wengi waliambukizwa katika vituo vidogo vya matibabu, kule mama zao waliwapeleka juu ya malaria. Mwaka 2025, kule Bulape mu Kasai, wakati Ebola ilitangazwa tarehe 4 Septemba, kati ya wafu 15 wa kwanza, 4 walikuwa watumishi wa afya.

Karibu miaka 50, mlango ni ule ule. Pori linatoa mgonjwa mmoja. Anafika ku kituo chenye hakina maji, mtu wa kumpima hana mipira ya mikono, na kitanda chake kimeshikana na cha mtoto wa malaria. Kutoka pale hesabu inapanda yenyewe.

Sasa tuangalie vile tunajibuka. Neno letu ni riposti. Ni neno la vita: adui anapiga, wewe unarudisha. Kama adui hayuko, riposti haiko. Wale walioishi Butembo ao Beni wakati ule wanakumbuka majipu, mahema, vijana wenye vesti, na bei ya nyumba za kukodisha ikipanda kila mwezi. Mwezi Julai 2019 Banki ya Dunia peke yake ilitangaza mpaka milioni 300 za dola. Watu wakaanza kusema «biashara ya Ebola», na si watu wajinga walisema vile. Muuguzi wa kituo, ule tunaitaka IT, alikuwa amekaa miaka bila mshahara wa serikali, wengine bila hata primi ya hatari. Akaona mtu mwenye diploma sawa na yake analipwa kwa siku pesa yenye yeye haoni kwa mwezi, kazi yenyewe ni kupima joto ku barabara. Wewe ungefanya nini? Wengi waliacha kituo wakaenda ku riposti. Nani anaweza kuwahukumu? Lakini kituo kilibaki na nani?

Kulikuwa na mabaya zaidi. Tume huru iliyoundwa juu ya OMS ilitoa ripoti yake Septemba 2021: washukiwa 83 wa unyanyasaji wa ngono, 21 kati yao wakiwa watu wa OMS wenyewe. Wanawake waliombwa mwili ili wapate kazi ao waendelee kuishika. Wasichana wenye kusoma ukurasa huu wanajua tunazungumzia nini, sina haja ya kuongeza.

Kuna watu watasema: lakini wenyeji walikataa, walichoma vituo. Ni kweli. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kazini pale Butembo. Hakuna hasira yenye inahalalisha ile risasi. Lakini hasira yenyewe ilikuwa na tarehe zake. Mauaji ya Beni yalianza 2014, na dunia haikuja na majipu. Desemba 2018 wakaaji wa Beni na Butembo walinyimwa kura ya rais, sababu moja iliyotolewa ikiwa ni Ebola, na huku masoko na makanisa yalikuwa wazi. Kisha mtu anakuja kukuambia: tunapenda maisha yako. Hapana, aulize kwanza nimeishije.

Hapa njo nafika ku jambo lenye naona tunalipita haraka darasani. Wanatufundisha kwamba uangalizi wa magonjwa ni fishi, simu na maabara. Mimi naona uangalizi unaanza ku mfuko wa mama. IT bila mshahara anaishi na pesa ya wagonjwa. Basi kituo kinalipisha. Basi mtoto akishikwa na homa, mama anapitia kwanza ku duka la dawa, kisha ku chumba cha maombi, kisha ku mganga wa mitishamba, na kituo anakiona siku ya sita, mtoto hawezi tena kunyonya. Ukiwa na maabara ya dola milioni moja mbele ya huyu mama, itapima nini? Bado hajafika. Agosti 2018 serikali ilitangaza matibabu ya bure katika zoni zilizoguswa, na vituo vikajaa. Kumbe watu wote wale walikuwa wagonjwa tangu zamani! Kitu cha huzuni ni kwamba vilijaa bila nafasi ya kutenga wenye kushukiwa, na ile bure yenyewe ilikuwa ya msimu.

Kama munafikiri naongeza chumvi, muangalie Panzi. Si hospitali ya Bukavu, ni zoni ya afya ya Panzi mu Kwango. Mwisho wa 2024 dunia nzima iliandika juu ya «ugonjwa X» wa Congo. Wagonjwa wa kwanza waliohesabiwa ni wa tarehe 24 Oktoba. OMS ilipata habari kutoka wizara tarehe 29 Novemba. Siku 36. Tarehe 5 Desemba walikuwa wamehesabu wagonjwa 406 na wafu 31, wengi wakiwa watoto wadogo. Timu zilipita njia mbovu mu mvua, zikachukua vipimo. Kati ya vipimo 12 vya kwanza, 10 vilikuwa na malaria. Ilikuwa malaria, magonjwa ya kifua, na watoto wenye njaa. Waandishi wa habari wa nje walifunga kompyuta zao, juu malaria haiuzi. Kwangu ile njo ilikuwa habari yenyewe: tumefika fasi ambapo malaria inaweza kuua watoto kwa mwezi mzima na ikaonekana kama kitu kipya.

Na surua, mwaka ule ule wa Ebola yetu? 2019, washukiwa zaidi ya 310,000, wafu zaidi ya 6,000. Karibu mara tatu ya wale wa Ebola ya miaka miwili, na chanjo ya surua iko tangu miaka ya 1960. Surua haina riposti ya majipu. Inaomba friji yenye kuwaka, pikipiki yenye mafuta, na muuguzi mwenye amekula.

Nisieleweke vibaya. Sisemi riposti ni bure. Chanjo iliwafikia watu zaidi ya 300,000. Dawa moja iliyothibitishwa wakati ule, mAb114, ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit 1995, na jina la Profesa Muyembe liko pale. Tangu 1984 tuko na INRB, na wanasayansi wake hawaombi ruhusa kwa mtu. Tena kuna mfano wenye unanifurahisha: Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo. Safari ile, wagonjwa 12, wafu 6, na tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba imeisha. Wahudumu wa palepale walikuwa wanajua la kufanya, chanjo ilikuwa karibu, hakuna mwenye alingojea ndege kubwa. Kitu kilichobaki katika mikono ya watu wa zoni kilifanya kazi. Ni kile tu, si mahema.

Kwa hiyo ninapima riposti na swali moja: siku ya mwisho ya sherehe, wakati majipu yanapanda barabara ya Goma, IT amebaki na nini? Kama ni bango na maboksi ya sabuni nusu, basi tumelipa moto uzimike, nyumba bado ni ya nyasi. Na sasa hata wale walipaji wanachoka. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake mingi, na upande wetu vita imekata njia. Ahadi ya Abuja ya 2001, kuweka 15 kwa mia ya bajeti ya taifa ku afya, sisi tuliisaini pia.

Narudi kwetu wenye diploma, juu ni rahisi kupiga serikali. Kila mwaka tunaandika mamia ya kazi zenye jina «Ujuzi, mtazamo na mwenendo wa wakaaji juu ya Ebola». Tunaenda kumuuliza mama wa ndizi kama ananawa mikono. Tunamuwekea asilimia. Mwisho tunapendekeza ahamasishwe. Kwa nini tusimuulize maji anayatoa wapi? Kwa nini ujuzi wake upimwe na ule wa ofisi ya zoni usipimwe? Nchi iko na zoni za afya 519. Hata tukichukua moja moja kwa mwanafunzi, kazi haitaisha karibuni: IT wangapi wako ku orodha ya mshahara, homa inachukua siku ngapi kutoka nyumbani mpaka ku kituo, habari inachukua siku ngapi kutoka ku kituo mpaka ku mkoa, mipira ya mikono iliisha mara ngapi ndani ya mwaka, na maji yalikosekana siku ngapi.

Hili la mwisho ni rahisi kuliko yote. Nimeona vituo ambako IT anaandika mwenyewe, ku daftari ya shule, siku zote za kukosa maji. Iko pale ku meza, chini ya fishi za chanjo. Hakuna mwenye amewahi kumuomba aifungue.