Wasio Wana wa Adamu: Tahakiki ya A Case of Conscience

Katika riwaya hii ya Mmarekani James Blish (1958), Padri Ruiz-Sanchez, Mjesuiti na mwanabiolojia, anakuta kwenye sayari ya Lithia viumbe wasiomjua Mungu wala kutenda dhambi. Anakata shauri kwamba sayari hiyo ni kazi ya Shetani. Na kwa kumpa Shetani uwezo wa kuumba, anatumbukia mwenyewe katika uzushi. Msomaji wa Kiswahili huliona kosa upesi: Walithia ni viumbe, si wanadamu, yaani hawamo katika ukoo wa Adamu, padri anawapima kwa anguko lisilo lao. Wema usiohitaji imani unamtisha kuliko uovu. Sehemu ya pili, inayohamia Duniani, imelegea. Lakini mwishoni Lithia inalipuka padri akiisomea sala ya kufukuza pepo, na Blish hasemi kama iliyoiangamiza ni sala au sayansi.