Jina la Diski

Katika maduka ya nyimbo ya Koboko, Uganda, kazi ngumu ya fundi huanza kabla hajanakili faili hata moja: ajue flashi ipi ni ya nani. Wateja hutoka Midia na vijiji vya mpakani, wengine wamevuka kutoka Kongo au Sudan Kusini. Mtu huagiza nyimbo za Kilingala au mahubiri, huacha flashi yake mezani na kwenda zake sokoni. Flashi nne zikichomekwa pamoja, zote nyeusi, kompyuta ya Windows huziita E, F, G na H.

Herufi hizo zimerithiwa kutoka CP/M, mfumo alioutunga Gary Kildall miaka ya 1970. MS-DOS ikazichukua mwaka 1981. A na B zilikuwa za diski laini, ndiyo maana diski kuu ya Windows inaitwa C hadi leo. Herufi hutaja kiti tu, haimjui aliyekikalia. Chomoa flashi ya E, chomeka ya mtu mwingine, nayo huenda ikaitwa E. Linux nayo ilikuwa na ugonjwa huohuo: diski iliyoonekana kwanza ni sda, inayofuata sdb, na iliyotangulia leo huenda kesho ikachelewa. Umeme ukikatika kisha ukarudi, diski ya akiba inaweza kuamka na jina la diski ya kazi. Na amri ya dd, inayonakili diski nzima, haimuulizi mtu kama ana hakika. Inaandika palepale ilipoelekezwa, vilivyokuwapo vikapotea.

Kwa hiyo nawaheshimu sana waliokaa chini wakafikiri jinsi ya kuipa diski jina lake yenyewe. Amiga ya mwaka 1985 ilikuwa imeshafika huko: programu iliitaja diski kwa jina, na kama haimo, mashine ilimwomba mtumiaji aiingize, tundu lolote lile. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman alileta udev, programu inayozipa diski majina, kwenye Linux. Diski moja ikapata majina kadhaa kwa pamoja: la kiwandani, la yaliyomo ndani yake, la lebo aliyoiandika mwenye diski, na la tundu ilimochomekwa. Faida yake ilionekana wazi mwaka 2007, Fedora 7, toleo mojawapo la Linux, ilipobadilisha jina la diski kutoka hda kuwa sda. Mashine zilizoandikiwa jina la zamani zilikwama, zilizotumia lebo zikawaka bila shida.

Uzuri wa kazi ile ni kwamba hakuna jina lililopewa ufalme peke yake. Namba ya kiwandani inafaa, lakini flashi nyingi za bei nafuu hutoka zikiwa na namba moja au hazina kabisa. UUID, yaani jina la yaliyomo, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari, ni imara hadi siku utakapoinakili diski nzima. Hapo unapata pacha wawili wenye jina moja. Jina la tundu ndilo lililotusumbua, ila diski ikifa ndani ya seva yenye diski nyingi, ndilo linalokuonyesha uchomoe ipi.

Flashi iliyofomatiwa kwa FAT, mpangilio wa faili unaotumika sana kwenye flashi, ina namba yake fupi, ambayo Windows huitengeneza kutokana na saa na tarehe ya kufomati. Hili hunifurahisha hasa. Kwa Walugbara, jina la mtoto hubeba habari za siku alipozaliwa: msiba uliokuwa nyumbani, dhiki, au furaha. Flashi nayo inabeba saa yake ya kuzaliwa, ingawa mwenye flashi hawezi kuisoma.

Hapo ndipo lebo inapohitajika. Tazama fundi wa Linux anapoandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski: flashi mbili za GB 16 zinatokea, zote 14.9G, maana kompyuta inahesabu kwa 1024 na kiwanda kinahesabu kwa 1000. Kwa ukubwa hazitofautiani. Akiomba na lebo, moja inasoma HARUSIMIDIA. FAT inaruhusu herufi 11 tu, na aliyeiandika amezitumia zote bila kuacha nafasi. Ya pili haina lebo yoyote, na ndiyo iliyoletwa ifutwe.

Naona mfumo ungepaswa kuuliza jina mara flashi mpya inapochomekwa, na kulitanguliza jina hilo kila mahali, herufi na sdb zikija nyuma yake. Na kabla ya kufuta, usikubali jina la kiti. Uonyeshe lebo, ukubwa na kampuni iliyotengeneza, kisha umtake fundi aandike lebo kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi. Atakayejikuta anaandika HARUSI atasimama hapohapo, video ya bibi harusi ikiwa bado ni nzima.