Mhadzabe Anatembea Kilomita 11, Mbona Hachomi Zaidi Yetu?

Alfajiri, kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, utawakuta watu wakikimbia ili tumbo lipungue. Wengi huacha baada ya miezi miwili, mizani ikiwa palepale, wakijiona wavivu. Uvivu hauhusiki. Maelezo yake yalipatikana jirani kabisa, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao ni wakazi wa Meatu, humuhumu Simiyu.

Mwaka 2012, mwaka uleule tulipopata mkoa, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati waliyotumia Wahadzabe 30. Namna walivyopima inavutia kuliko hata majibu. Hawakumuuliza mtu amekula nini, maana hakuna akumbukaye kila tonge. Walimpa kila mmoja maji ambayo sehemu ya hidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko ya kawaida, maji yasiyo na madhara, kisha kwa siku 11 wakawa wanachukua mkojo wake. Hidrojeni nzito hutoka mwilini pamoja na maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa njia hizohizo, na nyingine huondoka na hewa ya ukaa tunayopumua. Basi oksijeni huisha upesi zaidi, na pengo kati ya kasi hizo mbili huonyesha hewa ya ukaa iliyotoka. Hewa hiyo ni moshi wa chakula kilichoungua. Ukiupima moshi, unazijua kuni.

Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Walitumia takriban kalori 2,600 na 1,900. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, hawakuwapita Wamarekani wanaoshinda vitini. Pontzer anaeleza kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine.

Kama kutembea sana hakuongezi kalori tunazochoma, basi cha kupunguza ni zile tunazokula; twende jikoni. Wiki iliyopita nilimwomba dada yangu apike mchicha kama siku zote, ila mafuta ya pamba ayapimie kijiko kikubwa kabla ya kuyatia sufuriani. Vilifika vijiko vinane, kwa mboga ya watu wanne. Kijiko kimoja kina kalori 120 hivi, kwa hiyo kila mtu alikula 240 za mafuta peke yake. Mtu wa kilo 70 huhitaji karibu saa nzima ya kutembea kuzimaliza. Siku ya pili alitia viwili, akaongeza nyanya na kitunguu, na sahani zilirudi tupu.

Hapo ndipo pa kuanzia: mafuta, soda, sukari ya chai, kisha ukubwa wa ugali. Michembe nayo ihesabiwe, kwani kiazi kikikauka maji huondoka na wanga hubaki. Visivyopunguzwa ni dagaa, choroko, dengu na maziwa ya mgando. Anayejinyima vyote, akashindia uji mwepesi, hupungua kweli, lakini sehemu ya kilo hizo ni misuli yake. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo akashindwa kubeba ndoo ya maji aliyoizoea, na majirani wakaanza kuuliza kama anaumwa. Huku kwetu kukonda ghafla bado kunatia watu hofu, na mimi naona hofu hiyo ina maana.

Mazoezi basi ya nini? Ya kulinda misuli hiyo, moyo na presha. Wahadzabe wenye presha ya juu ni wachache, hata wazee wao. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki zinatosha, pamoja na siku mbili za kazi nzito: jembe, kuchota maji, kuchuchumaa na kuinuka. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, unakwenda vizuri. Ukizidi kilo moja, ongeza chakula. Anayetumia dawa za kisukari apite kliniki kabla hajapunguza hata tonge, kwa sababu dozi iliyopangiwa ugali wa jana inaweza kumwangusha leo njiani.